Makoti ya Kijani ya Fundi Maneno

Fundi Maneno wa Muhima, mtaa wa Kigali, hakujua kukaa. Ni ajabu kumsema hivyo fundi cherehani, maana kazi yake yote ni ya kitako, lakini ndivyo alivyokuwa. Angeshona mshono mmoja, akainuka kuchungulia barabara inayoteremka Nyabugogo, akarudi, akashona wa pili, akainuka tena kumwuliza jirani saa ngapi, na saa anayo mkononi. Mkewe, Mukeshimana, alikuwa akisema ameishi naye miaka kumi na minane na hajamwona akimaliza kikombe cha chai kabla hakijapoa. Majirani wa barazani walimtania kwamba cherehani ile ingekuwa na magurudumu, angekwisha fika nayo Bujumbura.

Babu yake alitoka Pangani na mzigo wa vitambaa, akaja kuwauzia watu wa milima hii, akaoa huku, akazikwa huku. Maneno alirithi vitambaa, safari hakurithi. Aliyerithi safari ni mdogo wake, Nizeyimana. Maneno alimfundisha ushonaji tangu yu kijana mdogo, akajua kukata suruali na kutia zipu, kisha asubuhi moja akaweka mkasi chini na kusema anakwenda kaskazini, kwenye milima ya volkano, kuajiriwa hifadhini kufuata ngagi. Ngagi ni wale sokwe wakubwa weusi wa milimani, ambao wazungu huvuka bahari kuja kuwatazama kwa saa moja tu. Maneno alimwuliza kama hao ngagi wameomba kufuatwa. Nizeyimana akacheka, akaenda. Huo ulikuwa mwaka 1980, na mpaka vita inaanza alikuwa bado anawafuata.

Basi Maneno akaijua ile milima kwa njia yake. Kila mwezi Nsabimana, dereva wa hifadhi, alikuja Kigali na pikapu, na ndani yake gunia la makoti ya waongozaji yanayohitaji kushonwa. Maneno aliyasoma makoti yale kama watu wengine wanavyosoma gazeti. Michubuko myembamba mabegani ilikuwa ya mianzi, kule chini msitu unakoanzia. Magoti yaliyojaa vinywele vya upupu yalimwambia kwamba walipanda mabonde ya mlima Bisoke kwa kutambaa. Tope jeusi lililofika kiunoni lilikuwa la ile tambarare yenye maji kati ya Bisoke na Karisimbi, ambako miti mikubwa inafuga ndevu za kuvu na mtu akikosea kukanyaga anazama. Mfuko uliochanika kwa pembe ulikuwa wa nyati. Mara nyingine alikuta mfukoni nyaya za mitego ya majangili, zilizokunjwa vizuri, na mara moja, katika koti la mdogo wake, unywele mmoja mrefu wa rangi ya fedha umenasa kwenye kifungo.

Unywele ule aliuweka kwenye kopo la vifungo. Nizeyimana alipokuja sikukuu akamwambia ni wa Kapita, dume kubwa la kundi lake, ambaye yeye mwenyewe alimpa jina hilo kwa sababu anawasimamia wenzake kama kapita wa shamba la chai. Kisha akawaigiza watoto mlio ambao waongozaji huutoa wanapokaribia, mngurumo mdogo wa kooni, wa pande mbili, kama mzee aliyeshiba anayesafisha koo. Maana yake, alisema, ni kwamba tumekuja kwa heri. Mahoro, kifungua mimba wa Maneno, aliuiga mlio ule wiki nzima hadi mama yake akatishia kumchapa.

Maneno naye akatamani kumwona Kapita. Hakulisema sana, lakini lilimkaa rohoni. Miaka kumi ya kuziba matundu ya mlima usioujua si mchezo.

Juni 1990 nafasi ikapatikana. Mtalii mmoja kati ya sita aliugua tumbo hotelini Ruhengeri, naye Nizeyimana akamwomba mkuu wa kituo nafasi ile iliyobaki wazi apewe kaka yake. Maneno alifika Kinigi, kwenye kituo cha hifadhi, amevaa suti. Alivuka na wageni mashamba ya pareto, maua meupe hadi kwenye ukingo wa msitu, huku vilele vinatokeza na kupotea mawinguni. Pale penye mianzi Nizeyimana akawasimamisha wote na kuwapa masharti. Usiwanyooshee kidole. Usimkazie macho dume. Usile wala kutema mate msituni. Na mwenye mafua au kikohozi haruhusiwi kuingia kabisa, kwa kuwa ugonjwa unaotulaza sisi siku mbili huwaua wao kundi zima.

Maneno alikuwa akitikisa kichwa kukubali kila sharti. Kisha akakohoa.

Kilikuwa kikohozi chake cha siku zote, kikavu, cha vumbi la nyuzi alilolimeza miaka ishirini. Watalii wote waligeuka. Nizeyimana naye akamtazama, na Maneno akadhani anatafuta namna ya kuwaeleza wageni.

"Hutapita, kaka," alisema Nizeyimana. "Unakohoa."

"Hiki ni cha cherehani! Wewe mwenyewe unakijua, umelala nacho chumba kimoja."

"Nakijua. Kapita hajui."

Maneno akashinda kwenye mashamba ya pareto na madereva, katika suti, hadi wazungu waliposhuka wakiwa wamechafuka na nyuso zinang'aa kama watu waliotoka kuoa. Alirudi Kigali bila kuaga. Mwezi mzima hakutuma hata salamu. Aibu ilimchoma zaidi kwa sababu alijua mdogo wake ana haki, na hakuna kitu kinachokera kama mtu mwenye haki aliye mdogo wako.

Agosti Nsabimana akaleta ujumbe: kundi la Nizeyimana, watu watano, limeruhusiwa kushonewa makoti mapya, nao wanaomba ashone kaka yake tu. Maneno alielewa kwamba huo ndio msamaha, unaombwa na kutolewa kwa pamoja. Akataka makoti yale yaseme yale asiyoweza kuyasema mwenyewe. Akazunguka maduka ya Muhima siku mbili akitafuta kitambaa ambacho upupu hautapenya, na kwa mfanyabiashara mmoja akakipata: dreli nzito ya kijani, masalio ya kazi kubwa ya kushona sare. Hakuuliza sare za nani, maana alijua. Askari wenyewe walikuwa wakipita mbele ya baraza lake kila siku na kitambaa hicho hicho mgongoni. Wakati huo askari alikuwa mpita njia tu.

Akashona makoti matano ambayo hajawahi kushona mfano wake. Akatia mifuko minne yenye vifuniko. Na kwa kuwa mkono ulikwisha kolea, akatia na kanda mabegani, ambazo hakuna aliyemwomba. Nizeyimana alituma jibu kwamba wakipita nayo sokoni Kinigi wasichana wanawapigia saluti. Maneno akafurahi mno. Makoti ya zamani aliyorudishiwa akayakata vitambaa vya kufutia mafuta ya cherehani.

Oktoba vita ikaingia nchini. Mwanzoni ilikuwa mbali, mashariki, ingawa usiku mmoja milio ya bunduki ilitikisa Kigali yenyewe na kesho yake watu wakaanza kukamatwa na kusombwa kupelekwa uwanja wa mpira. Januari ikafika Ruhengeri. Wapiganaji waasi walishuka kutoka milima ile ile ya volkano, wakaushika mji kwa siku moja, wakarudi msituni. Simu za kaskazini zikafa. Watalii wakatoweka, na hifadhi ikafungwa kwa wageni. Waongozaji tu ndio waliendelea kuingia kila walipopewa ruhusa, kuhesabu ngagi na kutegua mitego, kwa kuwa Kapita na watu wake hawakupata taarifa ya vita.

Kutokea hapo Maneno hakukaa hata ule mshono mmoja. Mukeshimana alimwambia subira huvuta heri. Akamjibu kwamba heri hiyo basi ije kwa pikapu, maana ndiyo anayoisubiri.

Pikapu ilikuja Jumatatu, mwanzoni mwa Machi. Nsabimana alishuka bila gunia lolote. Alikuwa mtu mnene wa Ruhengeri, mcheshi, lakini siku hiyo alikataa hata chai.

"Fundi, iko kitu nataka kukuambia. Mudogo wako ni muzima. Rakini zile koti."

"Zimechanika?"

"Bora zingechanika, yewe. Ijumaa kijana moja wa kundi yao alisimamishwa ku bariyeri ya askari. Wakamuuliza, wewe ni jeshi gani? Akasema, mimi ni mutu wa parike, hifadhi ya ngagi. Wakasema, ngagi inavaa hivi? Wakamupiga, wakakata hii ya bega na kisu. Wakasema siku ingine hawataulizaka, watapiga risasi kwanza." Akajifuta jasho. "Na wale wengine wenye kuwa mule musituni, wakiona koti hiyo, nao watasema ni askari ya serikali. Kote kote ni kifo, fundi."

Maneno akakaa. Kwa mara ya kwanza barazani kwake alikaa kabisa, mikono mapajani. Waswahili wamesema kikulacho ki nguoni mwako, naye alikuwa amemshonea mdogo wake nguo yenyewe, kwa mkono wake, na kanda za mabegani juu.

"Si wayavue!" alisema.

"Wavae nini? Kule juu mvua ya mawe inaanguka. Koti za zamani ulikata wewe."

Hilo Maneno alikuwa hajalikumbuka. Akatazama kitambaa chenye mafuta kilichoning'inia kwenye cherehani, akakiona kifungo cha zamani bado kimeshika pembeni.

"Unarudi lini?"

"Kesho kutwa kesho yake. Arihamisi, saa mbili asubuhi."

Siku tatu, makoti matano. Hata fundi aliyetulia asingeyaweza. Rangi peke yake ilimla nusu siku: nyeupe ingeonekana kilomita mbili, kijani isisikike tena, nyekundu hakujua Kapita angeionaje, na kaki nayo ni ya askari. Mwisho akachukua dreli ya bluu, ile ya maovaroli ya mafundi gari, akisema kwamba hakuna jeshi duniani linalopigana na ovaroli. Kitambaa hakikutosha, akaongeza cha jirani. Mukeshimana alikaa upande wa pili akitia vifungo, Mahoro akakata nyuzi. Maneno alikanyaga cherehani hadi kikohozi kikamkunja, akanyanyuka, akazunguka meza, akarudi. Hakutia kanda yoyote begani. Mara mbili alijikuta mkono umeanza kuikata kwa mazoea, akautazama mkono ule kwa chuki.

Alhamisi saa mbili pikapu ilipopiga honi, makoti manne yalikuwa tayari na la tano halina mkono mmoja.

"Nipe, nitapereka," alisema Nsabimana.

"Utapeleka na mimi," alisema Maneno, akachukua furushi la makoti, sindano, uzi, pini na ule mkono, akapanda.

Mukeshimana alikimbia hadi dirishani. "Baba Mahoro! Una akili? Barabara ile watu wanashushwa!"

"Mama Mahoro, mimi nikikaa hapa nitakufa kabla yake. Niombee tu."

Alimwombea, lakini kwanza alimtukana.

Wakavuka mto Nyabarongo, wakapanda mlima wa Shyorongi. Njia nzima Maneno alishona. Gari lilipoyumba sindano ilimchoma, akanyonya kidole, akaendelea. Kila kizuizi walishushwa, vitambulisho vikasomwa mbele na nyuma, furushi likafunguliwa, na kila mara makoti yalipokuwa yakitikiswa na askari Maneno alifikiri kwamba hapa hapa zimepotea dakika kumi, na mishono kumi nayo imepotea. Kizuizi cha nne askari mmoja alimwuliza kwa nini anatetemeka. Akasema ana haraka ya arusi. Askari akamwambia arusi za siku hizi hazina haraka, wakaachiwa.

Kinigi waliifikia baada ya adhuhuri, mawingu yamefunika mlima Sabyinyo hadi shingoni. Mlangoni mwa kituo mkuu alikuwa amesimama mvuani, kofia mkononi, na kabla gari halijazimwa alikwisha anza kusema. Nizeyimana na wenzake wanne waliingia msituni alfajiri, kwa ruhusa ya askari waliokuwepo. Saa nne askari wale wakabadilishwa. Waliokuja ni wageni, wametoka vitani moja kwa moja, wamepanga mstari kwenye pareto chini ya mianzi, na wamesema hawajui mambo ya parike. Amri yao ni moja: anayetoka msituni na sare ni adui.

"Umewaeleza?" aliuliza Maneno.

"Mara mbili. Mara ya pili wameniwekea bunduki hapa." Mkuu akagusa tumbo.

Maneno alichukua furushi. Mkono wa koti la tano ulikuwa umeshikwa mshono nusu, nusu iliyobaki akaibana pini upesi upesi. Akatembea kwa miguu njia ile ile aliyoipita na suti mwezi wa Juni. Hakujiona shujaa. Alijiona fundi aliyeharibu kazi ya mteja, anakwenda kuirudia kabla mteja hajalipa kwa roho.

Sajini aliyekuwa mkubwa wa mstari ule alimwacha afike karibu, kisha akamsimamisha. Jicho lake moja lilikuwa jekundu kwa kukosa usingizi.

"We muzee, iko wapi unaenda?"

"Afande, mimi ni fundi wa nguo, wa Kigali. Humo ndani mna watu watano wa hifadhi. Watu wa ngagi. Sare yao ndiyo hii." Akafungua furushi, akainua koti la bluu, na uongo ukamtoka laini kama uzi uliotiwa nta. "Mtu wa bluu ni mtu wa parike. Mimi ndiye ninayewashonea."

Sajini alishika kitambaa, akakinusa. "Hii ni mupya. Harufu ya duka."

"Ni za kubadili, afande. Mvua."

Sajini akageuka kuitazama mianzi, akamgeukia tena. Maneno akaona kwamba yule naye anaogopa, anaogopa kupiga na anaogopa kutopiga, na hilo likamtisha kuliko bunduki.

"Sikia. Utaenda weye peke yako, hadi pale. Hapana kuita. Ukiita jina ya mutu, nitajua unaita wenzako ya vita. Watoke mikono juu, nione bluu. Nikiona ingine..." Hakumaliza. "Dakika kumi."

Zile hatua mia mbili Maneno hakuzisahau. Furushi kichwani, matope yanavuta viatu, na mgongo wote unawasha kama umepigwa upupu kwa sababu ya bunduki zilizoko nyuma. Akafika kwenye mianzi. Ilisimama kimya, majani yanatona maji, machipukizi mapya yametoka ardhini manene kama mkono wa mtu. Giza la kijani lilianza hatua mbili tu mbele. Alijua mdogo wake yumo humo, labda amewaona askari na kujificha, labda yuko saa tatu mbali na atatokea jioni amechoka, koti limefungwa vifungo vyote. Na kuita hawezi.

Akasimama. Dakika zikapita, na hofu na mwendo wote ule na ubaridi vikamshuka kifuani vikawa kitu kimoja. Akakohoa.

Alijaribu kukibana, kwa mazoea ya aibu, kisha ghafla akaelewa, akaacha kukibana. Akakohoa kwa nguvu zote, kile kikohozi kikavu cha cherehani, akainama, akashika magoti, akakohoa kama anataka kuuangusha msitu. Alipomaliza machozi yalikuwa yanamtoka. Akasikiliza.

Kutoka gizani, karibu kuliko alivyodhani, ukaja mngurumo mdogo wa kooni, wa pande mbili, kama wa mzee aliyeshiba.

Maneno akaujibu. Uliharibika katikati, lakini Mahoro angeutambua.

Mianzi ikasogea, Maneno akaingia hatua mbili gizani, na Nizeyimana akatokea kwa magoti, koti la kijani mwilini, kanda mabegani, uso umekwisha rangi. Nyuma yake wanne. "Kaka," alisema kwa sauti ya chini. "Tumekaa hapa tangu saa sita. Tumeona kofia za chuma. Nilisema nakufa leo, kisha nikasikia kikohozi. Nikasema huyu hata wafu angewaamsha."

"Vua," alisema Maneno. "Vua, vua, usiseme, vua!"

Wakabadilisha kwa haraka, mikono inagongana. Makoti ya kijani wakayasukuma chini ya majani makavu. La tano Nizeyimana alivaa mwenyewe, na Maneno alikuwa akimfunga vifungo kama alivyokuwa akimfunga utotoni, ndipo kitu kikapiga ndani ya msitu. Poko-poko-poko-poko, mikupuo ya haraka, mizito, Maneno akaisikia tumboni kabla ya masikioni. Mianzi ikavunjika mahali, ikanyamaza.

Mikono yake ikasimama kwenye kifungo. "Ni yeye?"

"Ni yeye. Wameteremka kula machipukizi. Wako hapo tu, hatua thelathini. Anakupigia kifua wewe, kwa kelele zako."

Hatua thelathini. Maneno akanyoosha shingo. Kati ya mashina aliona weusi ambao huenda ulikuwa kivuli, na pengine rangi ya fedha, na pengine maji tu yanang'aa kwenye jani. Miaka kumi ya matundu na tope na vinywele ilikuwa imejikusanya nyuma ya majani yale. Alisahau askari. Alisahau dakika. Alipiga hatua moja.

Kiganja cha mdogo wake kikamgusa kifuani.

"Hutapita, kaka. Unakohoa."

Hasira ya Juni ikampanda. Kisha akamtazama mtu aliyemzuia. Huko nyuma askari walikuwa wamelenga bunduki, dakika zimebaki mbili au moja, na mtu huyu, mwenye mkono wa koti uliobanwa pini, alikuwa bado anawaza mafua ya sokwe. Hasira ikamwisha Maneno yote, hata asijue ilikwenda wapi. Alimpenda mdogo wake wakati ule kuliko siku zote za maisha yao, akataka kumwambia, na hakukuwa na nafasi.

"Haya, twende," alisema. "Mikono juu. Mimi mbele."

Wakatoka kwenye mwanga, yeye kwanza, kisha wale wa bluu mmoja mmoja. Chini kule mstari wote wa bunduki ukainuka. Maneno aliona sajini amenyanyua kiganja, hajakishusha wala hajakiinua zaidi. Walitembea polepole kwenye maua meupe. Nyuma ya sikio lake alisikia mdogo wake akivuta pumzi kwa maumivu.

"Kaka. Pini zako zinanichoma."

"Usishushe mkono," alisema Maneno.